Kitu kimoja, picha nyingi: majibu kwa wasomaji

Maswali ya safari hii karibu yote yamezunguka jambo moja: kupiga kitu cha aina moja, tena na tena, mpaka picha ziwe mfululizo.

Nimekuwa nikipiga milango ya Mji Mkongwe, lakini kila mtalii anazo picha hizo. Niache? – Msomaji, Unguja

Usiache milango, acha postikadi. Mtalii hupiga mlango uliosafishwa, misumari ya shaba inang'aa, hakuna mtu mbele. Wewe unaishi hapo, kwa hiyo chagua pembe yako. Piga mfaa peke yake, ule mti wa katikati mabawa mawili yanapokutana. Au tenganisha milango yenye kichwa cha mraba na ile yenye tao juu, iliyopata sura yake kutoka India. Au fuata viraka: komeo jipya juu ya mchongo wa zamani, waya wa umeme uliopitishwa kizingitini, kipande cha bati mahali palipooza. Mimi ningechukua viraka, maana ndivyo vinavyoonyesha kuwa nyumba hizo bado zinakaliwa. Lakini chagua kimoja. Ukichanganya vyote vitatu umerudi kwenye albamu ya safari.

Mwalimu, nina picha nyingi za vibanda vya mawakala wa pesa za simu. Moja moja ni nzuri, zikiwekwa pamoja ni vurugu. Kosa liko wapi? – Msomaji, Nakuru

Kosa ni kwamba kila mara vimebadilika viwili: kibanda, na wewe. Leo umesimama karibu, kesho ng'ambo ya barabara. Hiki umekipiga saa nne asubuhi, kile jua likizama. Mtazamaji hajui atazame tofauti ipi.

Wajerumani wawili, mume na mke, Bernd na Hilla Becher, walianza kazi hii pamoja mwaka 1959 na wakaishikilia kwa miongo kadhaa: minara ya maji, matangi ya gesi, tanuri za kuyeyushia chuma. Walipiga kwa mbele, kitu kikiwa katikati ya fremu, na walipenda siku za mawingu ili pasiwe na vivuli vikali. Kisha walipanga picha kwa safu, tisa au zaidi ukutani. Mnara mmoja hausemi mengi. Ukiona tisa kwa mpigo, unaanza kugundua kwamba huu una miguu minene, ule umevaa kofia, na kwamba kila mhandisi alikuwa na mkono wake. Mingi ya mitambo hiyo baadaye ilibomolewa.

Kwako Nakuru: simama ng'ambo ya barabara, kamera usawa wa kifua, saa ileile, kibanda kijaze sehemu ileile ya fremu. Hapo ndipo zitaonekana dirisha la nyavu, kiti cha plastiki, na maandishi ya mkono ya "leo hakuna floti". Na zile za zamani usizifute. Pitia, huenda kumi hivi tayari zinafuata kanuni bila wewe kujua.

Nataka kupiga mitindo ya kusuka kwenye saluni ya dada yangu, ila wateja wengine hawataki sura zionekane. – Msomaji, Mombasa

Basi usizionyeshe. Mnigeria J.D. 'Okhai Ojeikere alianza kupiga mitindo ya nywele za wanawake mwaka 1968, nyingi kwa nyuma au ubavuni, nyuma yao pakiwa patupu. Kwa kukosa uso, suko linasimama kama kinyago kilichochongwa. Alifikisha picha karibu elfu moja. Aliandika pia majina ya mitindo, na hili nakuomba uige: twende kilioni, yebo yebo, na yale ambayo wasusi wenu wameyatunga wenyewe. Jina likipotea, nusu ya kazi imepotea.

Ruhusa omba hata kwa kisogo. Mwambie mteja picha itaonekana wapi, kabla hajakaa kitini. Kwa mtoto, muulize mzazi. Kenya ina sheria ya kulinda data binafsi tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, saluni ni mahali pa watu kujiachia.

Nina simu tu. Itafaa? – Msomaji, Dodoma

Itafaa. Usivute picha kwa vidole, sogea kwa miguu. Washa mistari ya gridi, futa lenzi, na bonyeza kioo kwa muda kidogo ili mwanga usirukeruke.

Nitajuaje kwamba mfululizo umetosha? – Msomaji, Arusha

Inategemea umeahidi nini. Mmarekani Nicholas Nixon alipiga mke wake na dada watatu wa mke huyo kila mwaka kuanzia 1975 hadi 2022, wakisimama kwa mpangilio uleule. Pale kitu kinachobadilika ni umri, kwa hiyo usingeweza kumaliza kwa mwezi. Kama somo lako halitegemei muda, safisha picha ndogo studio, zitandaze sakafuni, na ondoa kila inayorudia iliyo jirani yake. Ikiwa picha zako mpya ndizo zinazoondolewa kila mara, umemaliza.

Napiga mitumbwi iliyopakwa rangi. Picha ziwe za rangi, au nyeusi na nyeupe? – Msomaji, Kigoma

Umesema unapiga mitumbwi iliyopakwa rangi. Sasa rangi hiyo utaiondoaje?