Kusoma hesabu na fizikia kwa video za bure: pale wanaoanza wanapokwama

Usifungue video kabla hujajua unatafuta nini. Shika kitabu chako cha kidato, chagua mada moja, jaribu maswali yake, kisha nakili kwenye daftari matatu uliyoyashindwa. Video unayoihitaji ni ile itakayokuwezesha kuyamaliza hayo matatu. Ukiingia YouTube mikono mitupu utatoka na saa mbili za kutazama na bando limekwisha, na ukiulizwa umejifunza nini utabaki kusema “ilikuwa nzuri”.

Kikwazo kinachofuata ni lugha, tena hata kwa anayekijua Kiingereza vizuri. Shule zetu za Tanzania na Kenya zimerithi istilahi za Uingereza, wakati video nyingi maarufu ni za Marekani. Unatafuta “surds”, wao wanaita “radicals”. “Indices” kwao ni “exponents”, “gradient” ni “slope”, “simultaneous equations” ni “systems of equations”, na H.C.F. ni “greatest common factor”. Ile namba uliyofundishwa kuiandika kwa “standard form” wao huiita “scientific notation”. “Trapezium” ndiyo inayotesa zaidi, kwa sababu umbo lile lile wao huliita “trapezoid”, na neno “trapezium” wanalo pia, ila kwa umbo jingine. Tengeneza ukurasa wa mwisho wa daftari uwe kamusi yako ya safu mbili, ujaze kadiri unavyokutana nayo. Wengi huacha mada wakidhani haipo mtandaoni, kumbe ipo kwa jina jingine.

Kuhusu mahali pa kuanzia, kwa hesabu za sekondari Khan Academy, tovuti ya bure ya masomo, inatosha, na ubora wake mkubwa ni mazoezi yaliyofungamanishwa na video. Anayetazama video zake YouTube tu anaacha nusu ya mali. Kwa aliyemaliza kidato cha sita au yuko mwaka wa kwanza chuoni, MIT OpenCourseWare, tovuti ya chuo kikuu cha MIT cha Marekani, inatoa kozi nzima za chuo hicho bila malipo wala kujiandikisha: mihadhara, maswali ya nyumbani, na mara nyingi mitihani pamoja na majibu. Kozi ya aljebra mstari (“linear algebra”) ya Gilbert Strang, namba 18.06, bado ni kipimo ambacho walimu wengi hulinganisha nacho. Kwa fizikia na kemia, PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina majaribio ya kuchezea kwenye skrini, na baadhi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Shule isiyo na maabara ianzie huko. Vitabu vyenyewe vya mtaala wa Tanzania vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, kwa hiyo kukosa kitabu kisiwe sababu ya kuruka hatua ya kwanza.

Sasa namna ya kutazama. Video ya dakika 10 ya hesabu, ukiisoma sawasawa, inakula dakika 35 hadi 40. Mwalimu akishaandika swali, simamisha kabla hajaanza kulifanya. Lifanye wewe kwa dakika 4 au 5, hata ukikosea. Kisha mwachie aendelee, na uweke alama nyekundu pale pale mlipoachana njia.

Mfano: 2x² + 8x − 10 = 0, kwa kukamilisha mraba. Ukitazama tu, kila mstari unaonekana wa wazi. Ukishika kalamu mwenyewe, yaelekea utachukua nusu ya 8, upate 4, ukipe kipeo cha pili upate 16, na hapo umeshapotea. Ilibidi kwanza ugawe kila kitu kwa 2 ili x² ibaki peke yake: x² + 4x − 5 = 0. Nusu ya 4 ni 2, kipeo chake cha pili ni 4, kwa hiyo (x + 2)² = 9, na x ni 1 au −5. Mwalimu aligawa kwa 2 kwa sekunde tatu huku akiendelea kuongea. Jicho liliona, ila mkono haukuona chochote.

Kesho yake, kabla ya video nyingine, fanya maswali matano ya mada ya jana huku video imefungwa. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha jaribio ambamo kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu mara nne, na jingine likasoma mara moja kisha likajipima mara tatu bila kukiangalia. Baada ya wiki, waliojipima walikumbuka takriban asilimia 61, na waliosoma mara nne asilimia 40. Kurudia video ile ile mara ya tatu ni starehe tu.

Fizikia ina mtego wake wa pekee. Rusha jiwe wima juu. Linapofika kileleni, kabla ya kuanza kushuka, je, lina kani yoyote juu yake? Wengi hujibu hakuna, kwa kuwa limesimama. Kasi yake ni sifuri kweli, lakini uvutano haujaondoka: mchapuko pale kileleni ni ule ule wa 9.8 m/s² kuelekea chini, vinginevyo jiwe lingebaki linaning’inia hewani. Mwenye wazo lile potofu akitazama video iliyonyooka, yaani inayoeleza jibu sahihi tu bila kuligusa kosa, anasikia anachokitaka na kuondoka nacho. Derek Muller alilichunguza jambo hili katika shahada yake ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Sydney, 2008. Waliotazama maelezo yaliyonyooka waliyasifu kuwa rahisi, na hawakupata la maana. Waliotazama video iliyoanza kwa kulitaja kosa lenyewe waliona inawachanganya, na ndio waliojifunza zaidi. Kwa hiyo andika jibu lako kabla ya kubonyeza. Video ikikukera kidogo usiikimbie.

Kuchezesha video kwa kasi ya 1.5 kuache kwa historia na biolojia ya maelezo. Hesabu iende kasi ya kawaida.

Bando nalo lina hesabu yake. Saa moja ya video kwa 144p (namba hii ni ubora wa picha, ikipanda picha huwa safi zaidi) hula takriban MB 80 hadi 100, kwa 360p karibu MB 300, na kwa 720p inaweza kuvuka GB 1, kutegemea picha inavyosogea. Khan Academy huandika kwa rangi juu ya skrini nyeusi, kwa hiyo 240p inasomeka. Ubao wa chaki ni habari nyingine: matriki za Strang kwa 144p ni ukungu, 3 na 8 zinafanana, nawe utanakili makosa. Hapo lipia 360p, au pakua muhadhara wakati wa bando la usiku, kwani MIT huruhusu kupakua. Majaribio mengi ya PhET pia hupakuliwa kama faili moja na kufunguka kwenye kivinjari bila intaneti.

Mkiwa kikundi au shule, tumieni Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti. Inasanikishwa kwenye kompyuta moja, masomo yanapakuliwa mara moja, kisha simu nyingine zinaunganishwa kwa Wi-Fi hata kama ruta haina intaneti kabisa. Kwa simu ya mtu mmoja, Kiwix inatosha: ni programu inayosoma Wikipedia na hazina nyingine zilizofungwa kwenye faili moja kubwa. Faili hilo likigoma kunakiliwa kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu huku nafasi ipo tele, sababu ni kwamba kadi imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili ambao haupokei faili la zaidi ya GB 4. Hamisha kwanza vilivyomo, ifomati kwa exFAT, mfumo mpya zaidi usio na kikomo hicho, ujaribu tena. Hakikisha mapema kuwa simu yako inaisoma exFAT, maana baadhi ya simu za zamani hazina uwezo huo.