Shati Liwe Limeshavaliwa

Wiki hii mmeuliza: siku mpiga picha anapokuja shuleni, mtoto avishwe nini? Najua wengi mtasema nguo mpya. Mimi nasema hapana. Shati liwe limeshafuliwa mara nyingi, kola imelainika, na mtoto amelizoea.

Tunakaa Ngamiani, hapa Tanga, na tuna watoto wawili. Mkubwa alipoingia darasa la kwanza nilimpeleka kwa fundi nikasema, "Ongeza upana, alivae mpaka darasa la tatu." Wanaonunua sare kwa pesa yao watanielewa. Basi picha ikatoka, na shati ndilo lililomvaa yeye. Mabega yameshuka karibu na viwiko, shingo imesimama kwenye kola kama mchi ndani ya kinu. Viatu navyo vilikuwa vipya, vinambana, uso ameukunja kama kanyweshwa mwarobaini. Picha hiyo bibi yake anayo, na hataki kuirudisha.

Mwaka uliofuata mama yao alikuwa msibani Muheza, kazi yote ikawa yangu. Ilikuwa mwezi wa tano, masika imekolea. Mwezi huo hapa kwetu, nguo ukiianika jioni, asubuhi unaikuta mbichi vilevile na imeshaanza kunuka uvundo. Kwa hiyo nilifua siku mbili kabla, shati lilelile la fundi, ambalo sasa mtoto alikuwa amelikaribia. Nikajiona fundi wa mambo. Kisha nikamwaga unga wa bluu moja kwa moja kwenye beseni, juu ya shati. Lilitoka na madoa kama ramani. Dada mmoja jirani alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanionyesha: bluu unaifunga kwenye kitambaa, unakitikisa ndani ya maji mpaka yawe na rangi ya mbingu, ndipo shati linaingia na kutoka. Halilali humo. Nikafua upya.

Asubuhi ya picha umeme haukuwepo. Jirani yuleyule akanipa pasi ya mkaa. Unaitikisa nje majivu yatoke, unaisugua kwenye jani la mgomba, na unaanza na kola wakati pasi haijawaka sana. Mimi nilianza na mgongo, kwa kuwa ndio mpana na hauna kona. Nilipofika kwenye kola pasi ilikuwa imeshapata hasira. Cheche ikaruka kutoka tundu la ubavuni mwa pasi, ikatua kwenye kola. Nikaipuliza, lakini palikuwa pameshatoboka, tundu kama choroko, pembeni lina rangi ya chai.

Mwanangu alikuwa amesimama na singlendi yake, anatazama. Hakulia. Aliniuliza tu, "Baba, sasa?"

Sasa avae hilohilo, lingine halikuwepo.

Nimsemee na mdogo wake kidogo. Nililipa msusi, akasukwa twende kilioni safi kabisa, mistari imenyooka. Ni asubuhi, namfunga ushungi wa shule, ndipo ikanijia kwamba hakuna kamera itakayoiona mistari ile. Ushungi wenyewe nao msiukaze. Ukikazwa unavuta nyusi, mtoto anatoka kama kashtuliwa.

Mafuta je? Usoni kidogo, kisha mfute kwa kitambaa, maana fleshi ikipiga paji la uso linang'aa kama sufuria. Mafuta mengi yapelekeni magotini. Wafupi huketishwa mbele, chini, na kaptula ikipanda ni magoti yaliyopauka ndiyo yanayomkodolea macho mtazamaji. Wangu ni mfupi, nimejifunza.

Jambo moja si la nguo, ila nalisema kwa sababu nguo zetu za shule ni nyeupe. Mkiwahi kuzungumza na mwalimu, ombeni watoto wapigwe picha asubuhi, kwenye kivuli cha mkungu, si mbele ya ukuta mweupe saa sita. Shati jeupe, ukuta mweupe, jua la utosini: kamera inaona weupe tu, inapunguza mwanga, na nyuso za watoto zinageuka giza. Mnaweza kupiga pasi usiku kucha, mkalipia picha ya mashati.

Tulikuwa kwenye la kola. Picha zilikuja baada ya wiki mbili, mama yao amesharudi. Mtoto amekaa mstari wa mbele, anacheka, jino moja halipo. Vidole viwili vya mkono wa kulia vimeshika ncha ya kola, kwa madaha, kama bwana harusi. Mimi sikumwambia afanye hivyo. Wageni wakiiona ukutani huuliza nani kamfundisha pozi lile.

Mama yake hakuuliza. Aliitazama picha kidogo, akainuka, akaenda kwenye sanduku la nguo, akalitoa shati na kuigeuza kola kwenye mwanga wa dirishani.

"Baba watoto," akaniita, taratibu. "Njoo hapa."

Nikasema nawahi samaki soko la Deep Sea.