Muulize Mtunza Nyaraka: Faili isiyofunguka haijafa

Swali: Shikamoo mama. Nimekabidhiwa nyaraka za kielektroniki za taasisi yetu baada ya aliyekuwa akizitunza kustaafu. Ameniachia maboksi mawili ya diski za flopi, na nimefanikiwa kunakili faili 1,140. Kama 400 hivi hazifunguki. Nyingine hazina herufi zozote baada ya nukta, nyingine zina herufi nisizozielewa kama .JMK na .LTR, na nyingine zimeandikwa .DOC lakini Word inazikataa. Bosi anasema zimeoza, nizifute. Je, wenzetu wa kazi hii wana orodha ya pamoja ya aina za faili, au kila mtu anahangaika kivyake? Na kama haipo, tuanzishe ya kwetu?
— *Mrithi wa Maboksi*

Jibu: Marahaba mwanangu. Usifute kitu. Mwambie bosi nimesema mimi, na kama atakasirika anikasirikie mimi.

Nakuambia hivyo kwa sababu kosa hilo nimeshalifanya. Mahali nilipofanya kazi zamani nilizitia alama ya "mbovu" faili zaidi ya 60, nikaziweka kwenye foleni ya kufutwa. Kilichoziokoa ni uvivu wangu tu: sikuwahi kuimaliza ile fomu ya kuomba kibali. Siku moja kijana mmoja wa masjala akaja kuchukua bahasha, akachungulia kioo cha kompyuta yangu na kuniuliza, "Mama, hii WPC ni nini?" Nilikuwa nimeifungua faili kwa programu ya kuonyesha baiti, yaani vipande vidogo vidogo vya data vinavyoiunda faili, nikawa nahangaika na uchafu wa katikati. Yeye aliangalia mwanzo.

Hapo mwanzo ndipo pa kuangalia. Faili za WordPerfect, programu ya zamani ya kuandikia, kuanzia toleo la 5 huanza na baiti FF 57 50 43, na tatu za mwisho ukizisoma kama herufi ni W, P, C. Zangu zote zilikuwa barua, na LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, ilizifungua bila hata kuguna. Enzi za DOS, mfumo wa kompyuta uliotangulia Windows, jina la faili lilikuwa herufi nane, nukta, kisha tatu, na WordPerfect haikujali hizo tatu ni zipi. Wapiga chapa walizitumia walivyopenda. .LTR yako karibu hakika ni "letter", yaani barua kwa Kiingereza. .JMK nadhani ni vifupisho vya jina la mtu. Angalia kama orodha ya zamani ya wafanyakazi ina mpiga chapa mwenye herufi hizo. Na hizo .DOC zinazokataliwa na Word huenda hazijawahi kuwa za Word. Zile za Word za 97 hadi 2003 huanza na D0 CF 11 E0, na ukiisoma kwa jicho la utani utaona "docfile": waliozitengeneza nao walikuwa na mzaha wao. Za .docx huanza na PK, ambavyo ni vifupisho vya Phil Katz, mtu aliyebuni zip, maana docx kwa ndani ni furushi la zip. Kwa hiyo JMK wako hayuko peke yake.

Sasa, orodha ya pamoja. Ipo, na inaitwa PRONOM. Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliianza mwaka 2002 kwa shida zake yenyewe, kisha ikaifungulia dunia. Kila fomati, yaani aina ya faili, hupewa namba isiyobadilika: PDF toleo la 1.4 ni fmt/18, Word ya 97 hadi 2003 ni fmt/40. Nyuma ya namba, kwa fomati nyingi, kuna saini, yaani zile baiti za mwanzo (wakati mwingine na za mwisho) zinazoitambulisha faili hata ikiwa imebadilishwa jina. Huhitaji kuzisoma moja moja kama nilivyofanya mimi. Chukua DROID, programu ya bure kutoka hapo hapo, ielekeze kwenye folda, na itakupa jedwali lenye namba ya kila faili pamoja na onyo pale jina na saini zisipolingana. Siegfried nayo hutumia saini za PRONOM; ukipendelea kuandika amri badala ya kubofya, itakufaa. Kabla ya yote, fanya nakala, na chukua namba za uhakiki za SHA-256 za faili zote (namba hizo hubadilika faili ikiguswa hata kidogo), ili kesho ukiulizwa kama umezigusa uwe na jibu.

Usitarajie miujiza kwenye maandishi matupu. Faili za .txt hazina saini, kwa hiyo DROID itakisia kwa jina tu, na hapo itabidi usome kwa macho yako.

Na zitakazobaki bila jibu? Hapo ndipo neno "pamoja" linapopata maana. PRONOM hupokea michango kutoka kwa yeyote, na saini mpya hutolewa mara kadhaa kwa mwaka. Usiwatumie barua za siri za taasisi. Tafuta sampuli tatu nne zisizo na siri, eleza zilitoka kwenye programu gani kama unajua, na zitume. Kisha andika kwenye katalogi yako tarehe uliyopima na toleo la saini ulilotumia, kwa kuwa faili "isiyojulikana" leo inaweza kujulikana toleo lijalo. Mimi hupima upya zangu kila mwaka.

Kuanzisha rejista yenu ya fomati? Hapana, mwanangu. Mwaka 2012 Wamarekani walizindua UDFR, rejista yao ya fomati, kazi ya watu hodari, ikafungwa 2016. Kama wao walichoka, ofisi ya watu wawili itafika wapi? Kilicho chenu ni uamuzi: fomati zipi mnazo, mnazifungua kwa programu gani, zipi mtazihamisha kwanza. Hayo yaandikeni. Kwa maelezo ya fomati, someni pia kurasa za Maktaba ya Bunge la Marekani; zinaeleza nani anaimiliki fomati na kama maelezo yake ya kiufundi yako wazi. Mkitafuta programu, COPTR ni orodha ya programu za kuhifadhi nyaraka za kidijitali inayoandikwa na watumiaji wenyewe, ila kabla ya kupakua angalia toleo la mwisho lilitoka lini. Zipo humo zilizoachwa yatima.

Swali: Mama, tuna nakala moja tu ya kila kitu, kwenye diski moja ya nje, kabatini. Nianze kusoma OAIS, ule mwongozo wa kimataifa wa hifadhi za kidijitali?
— *Msomaji wa mara ya kwanza*

Jibu: Nunua diski ya pili kwanza, uiweke jengo lingine. OAIS haitakukimbia.