Mutt na Gmail: anza na kusoma, kutuma kutakuja

Wadogo zangu mnaoanza kazi za seva, karibu kila mwezi kuna mtu ananifuata inboksi kwamba kaweka Mutt, kakopi muttrc (faili la setingi za Mutt) ya mtu yenye mistari mia mbili, na inagoma. Jamani, msikopi faili la mtu. Anza na mistari minne ya kusoma barua tu, ikikubali ndo unaongeza ya kutuma, na kila mstari unaouweka uwe unajua unafanya nini, maana ikija kugoma utajua ni upi.

Mutt ni programu ya imeili ya kwenye terminali, Michael Elkins aliianza 1995 na mpaka leo watu wanaitumia, ina na ndugu yake NeoMutt ambaye setingi nyingi ni zile zile. Yenyewe haihifadhi barua zako. Barua ziko Gmail, Mutt inaenda kuzisoma kwa IMAP na kutuma kwa SMTP, na hii ni milango miwili, mmoja kufunguka haimaanishi na wa pili umefunguka.

Kabla hujagusa faili lolote, malizana na paswedi. Hapa ndo wengi wanakwama. Kijana mmoja tuliyekuwa naye kazini alikaa kutwa nzima anabadilisha namba za poti, anafuta programu anaiweka upya, na chini ya skrini maneno ni yale yale, Login failed. Nikamuuliza unaweka paswedi gani, akasema ile ninayofungulia Gmail kwenye simu. Hiyo haikubali tena, tangu Mei 30, 2022 Google waliacha kupokea paswedi ya kawaida kutoka programu za namna hii. Unachotakiwa ni kuwasha uthibitishaji wa hatua mbili kwenye akaunti, halafu unatengeneza paswedi ya programu, inakuja herufi 16 zimegawanywa makundi manne ya herufi nne nne. Ziandike zote bila kuacha nafasi. Na inaonyeshwa mara moja tu, ukifunga dirisha ndo basi unatengeneza nyingine. Kama akaunti ni ya kazini huenda msimamizi kaifunga njia hii, muulize kwanza kabla hujapoteza siku, maana hapo itabidi uende na OAuth2, njia ya kuingia kwa kibali badala ya paswedi, ambayo ni somo lingine kabisa.

Haya, mistari minne yenyewe ya kuweka kwenye muttrc, kwa mpangilio ni akaunti yako, seva ya Gmail, folda ya kufungua kwanza, na kulazimisha muunganisho uliosimbwa:

set imap_user = "jinalako@gmail.com"
set folder = "imaps://imap.gmail.com/"
set spoolfile = "+INBOX"
set ssl_force_tls = yes

Paswedi usiiweke humo, acha Mutt ikuulize. Fungua, ingiza zile herufi 16, ukiona orodha ya barua ujue nusu ya kazi imeisha. Tembea humo kidogo, bonyeza c kisha alama ya kuuliza uone folda zako zinaitwaje hasa, kwa sababu majina yanafuata lugha ya akaunti, kwa mfano Trash kwenye Kiingereza cha Uingereza inaitwa Bin, sasa wewe ukikopi jina la folda la mtu mwingine unaambiwa haipo unabaki unashangaa.

Kutuma ni mstari mmoja mkubwa:

set smtp_url = "smtp://jinalako@smtp.gmail.com:587/"

Angalia vizuri hapo. Poti 587 inaendana na smtp, poti 465 inaendana na smtps yenye s mwishoni. Ukizichanganya haikwambii umekosea wapi, muunganisho unakatika tu au inaganda. Ongeza na set from (anwani yako) na set realname (jina lako), jitumie barua mwenyewe kwanza. Na usielekeze record, setingi ya mahali Mutt inaweka nakala za ulizotuma, kwenye folda ya Sent ya Gmail, wao wenyewe wanatunza nakala ya kila unachotuma, ukiielekeza huko utakuta kila barua iko mara mbili.

Kwa sisi wa kununua bando kuna mstari mmoja naupenda sana, header_cache, unaotunza vichwa vya barua kwenye mashine yako. Bila huo kila ukifungua inboksi yenye barua elfu kumi Mutt inavuta vichwa vyote upya. Tengeneza folda yake kwanza kwa mkdir, ndo uielekeze huko, kama folda haipo inakutengenezea faili moja la jina hilo na kurundika kila kitu humo.

Barua za HTML zitakuja zimejaa vitagi. Weka w3m, kivinjari cha kwenye terminali, andika mstari wa text/html kwenye faili la .mailcap linalosema kila aina ya faili ifunguliwe na programu gani, halafu auto_view text/html kwenye muttrc, zinasomeka vizuri tu.

Ukichoka kuingiza paswedi kila saa, isimbe kwa gpg, programu ya kusimba mafaili, uiite kutoka kwenye muttrc. Usiiache wazi. Mimi niliiacha wazi, siku moja nikapandisha setingi zangu zote kwenye git (hifadhi inayotunza kila toleo la mafaili) ya hadharani na paswedi ikiwemo, nikaja kugundua usiku. Kufuta faili hakusaidii kwa sababu historia ya git inabaki nayo. Kilichoniokoa ni kwamba ilikuwa paswedi ya programu, nikaingia kwenye akaunti nikaifuta ile moja tu, akaunti yenyewe ikabaki salama. Basi na wewe fanya hivyo hivyo ikikutokea, tena dakika hiyo hiyo, usisubiri asubuhi.

Mbsync ya kushusha barua zote kwenye mashine na msmtp ya kutuma ziache kwanza, kaa na hii hata mwezi. Ukifika huko, ukikuta maelekezo ya mbsync yenye Master na Slave ujue ni ya zamani, kuanzia toleo la 1.4 wanaandika Far (upande wa seva) na Near (upande wa mashine yako).