Kabla ya kuuliza utakula nini humo ndani

Wiki iliyopita mwenzangu wa kazini amevunjika mguu. Daktari amemwambia akae nyumbani wiki sita, na mguu usikanyage chini. Siku ya tatu tu akanipigia simu: "Dadangu, nile nini nisije nikanenepa humu ndani?" Nami nikamuuliza: unakula saa ngapi, na unakula na nani? Akanyamaza kidogo. Akasema anakula akisikia njaa, na mwenziwe mezani ni simu.

Jibu hilo nalijua vizuri, kwa sababu Mei 2020 lilikuwa jibu langu.

Mnaokumbuka mtakumbuka. Mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Aprili kaunti ya Mombasa ikafungwa, halafu tarehe 6 Mei ukafungwa Mji wa Kale wenyewe, mtaa wetu, siku moja na Eastleigh ya Nairobi. Haingii mtu, hatoki mtu. Masoko na mikahawa ya ndani ikafungwa. Ilikuwa Ramadhani, misikiti nayo imefungwa, tarawehe tunaswali sebuleni. Nyumbani tulikuwa watano: mimi, mume wangu, baba yangu mzazi na wanangu wawili. Kazi yangu ni ya hesabu, na ofisi ikahamia kwenye meza ya kulia. Risiti upande huu, tende upande ule.

Kilichonishtua kwanza ni sukari. Pakiti ya kilo mbili, ambayo kwetu ilikuwa inakaa karibu wiki mbili hata Ramadhani, iliisha kwa siku sita. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Gramu elfu mbili, gawa kwa siku sita, gawa kwa watu watano: karibu gramu 67 kwa kila mtu kwa siku. Kijiko cha chai ni kama gramu nne, kwa hiyo vijiko kumi na sita na zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi kama gramu 50, na ikiwezekana ashuke mpaka 25. Na hakuna aliyekuwa anakoroga vijiko kumi na sita kwenye kikombe. Ilikuwa kwenye shira ya kaimati, kwenye tambi, kwenye sharbati, kwenye chai ya saa nne usiku ambayo zamani haikuwepo.

Hiyo chai ya saa nne ndiyo iliyonifungua macho. Ramadhani ya kawaida ukishafuturu unatoka. Unakwenda tarawehe kwa miguu, unarudi kwa miguu, unapita Kibokoni kununua viazi karai, unasimama kwa jirani, unakaa barazani. Vyakula ni vilevile, lakini kati ya tonge na tonge kuna mwendo na mazungumzo. Mwezi ule, kutoka futari mpaka daku, tulikuwa na sebule, televisheni na simu. Saa tano usiku nasoma idadi ya wagonjwa wa siku ile huku mkono uko kwenye bakuli.

Usiku mmoja nilijikuta jikoni, taa sijawasha, nimesimama mbele ya sufuria. Kaimati ya nne iko mkononi na shira inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. Njaa sikuwa nayo hata kidogo. Nilikuwa nimetoka kusikia kwamba mzee wa mtaa wa pili amechukuliwa na gari la wagonjwa. Nilikuwa naogopa, na nilipoogopa mguu ulinipeleka jikoni wenyewe. Mtu mzima ana haki ya kuogopa. Basi usijitukane kwa hilo, na usijiapize kwamba kesho hutagusa kitamu. Mimi niliapa mara mbili, na mara zote mbili nilikula zaidi.

Kilichosaidia ni kurudisha vizuizi vidogo ambavyo zamani mtaa ulituwekea bila sisi kujua. Tulikubaliana kwamba kila kinacholiwa kiliwe mtu ameketi, kwenye sahani, taa inawaka. Kompyuta na makaratasi yakahamia chumbani, kwenye meza ya cherehani, meza ya kulia ikarudi kuwa ya kulia. Kaimati nikazipika Alhamisi na Jumapili peke yake. Na baada ya futari mimi na mume wangu tulipanda na kushuka ngazi mara kumi. Anayezijua ngazi za nyumba zetu za zamani anajua huo si mchezo. Usingizi ndio ulionishinda kwa muda mrefu, kwa sababu ya daku ya saa kumi na kazi ya saa mbili. Mwili usiolala hudai chakula, tena kitamu. Nilipoanza kulala saa moja baada ya adhuhuri, ile hamu ya usiku ilipungua nusu, na wala sikupambana nayo.

Lakini niliyemkosea ni baba. Nilikuwa nimeshughulika na wanaokula sana, nisimwone anayekula kidogo.

Baba ana kisukari na anameza vidonge. Daktari alishamkataza kufunga, kwa hiyo hutoa fidia, yaani hulisha maskini badala ya kufunga. Ramadhani nyingine mchana alikuwa na mahali pa kwenda, na baada ya alasiri hukaa barazani na wazee wenzake. Miezi isiyo ya Ramadhani muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, nao wanapata kahawa chungu na kipande cha kashata. Mwezi ule alikuwa kutwa ndani, katikati ya watu waliofunga. Akaona haya kula mbele yetu. Nilikuwa namwachia chakula kimefunikwa, na jioni sahani naikuta tupu. Kumbe anampa paka wa dirishani.

Alasiri moja mwanangu mdogo akaja mbio: "Mama, babu anatetemeka." Nilimkuta ameketi kitandani, jasho jembamba linamtoka, ananiita kwa jina la marehemu mama. Tukampima kidoleni, kipimo kikasoma 3.1. Chini ya 4 sukari imeshuka. Alikuwa amemeza kidonge asubuhi na hakula kitu. Nikamkorogea maji ya sukari akayanywa taratibu, tukangoja dakika kumi na tano, tukapima tena, ikawa imepanda. Ndipo tukampa mkate na yai. Daktari nilimpigia jioni ile ile. Sukari niliyokuwa naipigia kelele mwezi mzima ndiyo iliyomrudisha baba yangu.

Kesho yake nilibadilisha kitu kimoja tu. Mwanangu huyo alikuwa na miaka sita, hajaanza kufunga. Nikawaandalia yeye na babu yake sinia moja, saa sita na nusu, chumbani kwa babu, mlango umefungwa: wali kidogo, mchicha, samaki. Mtoto anapenda hadithi, na babu hawezi kusimulia bila kumtengea mjukuu minofu, naye akiondoa miiba anakula. Sahani zikaanza kurudi zimeliwa kweli. Baada ya alasiri nikawa namchemshia kahawa, anampigia rafiki yake wa barazani ambaye nyumba yake iko mitaa miwili tu na hawawezi kuonana, simu inalazwa juu ya mto wa kitanda, wanakunywa kila mtu kwake. Walikuwa wanabishana kuhusu mambo ya bandari ya miaka ya sabini. Baada ya wiki mbili baba alirudisha mshipi kwenye tundu lake la zamani.

Ndiyo maana mtu akiniambia amefungiwa ndani, iwe ni maradhi, uzazi au kazi ya nyumbani, siulizi kwanza kuhusu wanga na mafuta. Nauliza saa, kiti na mwenza. Mwenye kuongezeka na mwenye kupungua wanaweza kuwa nyumba moja, na anayepungua hapigi kelele, kwa hiyo muangalie mzee wako anapokula, usiangalie sahani tupu. Na kama anatumia dawa za kisukari, zungumza na daktari mapema kuhusu saa za chakula, usingoje atetemeke.

Mwenzangu anaishi peke yake Bamburi. Tumekubaliana nampigia kila siku saa saba mchana, wakati wangu wa chakula ofisini. Jirani yake anampandishia sahani, kwa sababu jikoni hawezi kusimama. Jana alikuwa na wali, mchicha wa nazi na kipande cha samaki changu. Alichukua dakika ishirini na tano kumaliza, tukiongea.