Kijana wa Ukraine anayetetemeka akishika bunduki ya biathloni

Dada, pole, na hongera kwa kumpokea kijana huyo wa Ukraine. Umesema ana miaka 17, ametoka Kharkiv, kwenye skii (mbao za kutelezea thelujini) hana shida, ila akifika kwenye shabaha mikono inatetemeka na kocha hapo Ujerumani anamwita mvivu. Si uvivu hata kidogo. Biathloni, mchezo wa mbio za skii pamoja na kulenga shabaha kwa bunduki, inamtaka alenge shabaha tano zilizo umbali wa mita 50 huku moyo ukienda mbio, na mlio wa risasi kwake si mchezo tena. Yevhen Malyshev, mwanabiathloni wa Ukraine wa miaka 19, aliuawa siku za mwanzo za vita mwaka 2022.

Nililea mpwa wangu aliyekimbia Goma. Mlango ukibamizwa tu, alikuwa chini ya meza. Nilikosea kumhoji kila siku. Wewe usimlazimishe kusimulia.

Mwombe kocha aweke bunduki kando kwanza, abaki na mbio. Dmytro Pidruchnyi wa Ukraine, bingwa wa dunia wa biathloni 2019, alitumikia jeshi akarudi mashindanoni. Mtaje kwa kijana, ila usimfanye kipimo chake.

Akikosa usingizi majuma mawili, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili, mkalimani asiwe ndugu yake. Akitaja kufa, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Zile skii usizifiche stoo. Ziache mlangoni.