Anayeanza kufuga mbuzi, aanze na majike

Kila anayeniuliza aanzeje kufuga mbuzi humpa ushauri wenye umri wa miaka 10,000 hivi: madume wauze au wachinje wangali wachanga, majike waache wazae.

Huko Ganj Dareh, kwenye milima ya Zagros magharibi mwa Iran, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mifupa inayoonyesha kuwa mbuzi dume wengi walichinjwa wadogo, majike wakaachwa wakue. Mwindaji hafanyi hivyo. Yeye hulitaka dume kubwa lenye nyama. Aliyewachinja mbuzi hao wa Ganj Dareh alikwisha kuwa mfugaji. Na hesabu yake ndiyo ninayoipiga mimi bandani: beberu mmoja anatosha majike ishirini na zaidi, na jike hubeba mimba siku 150 hivi, mara nyingi akazaa pacha. Dume la ziada kazi yake ni kula na kupigana.

Faida nyingine ni ngozi, na wengi wetu siku hizi tunaitupa. Yule mtu wa kale aliyekutwa kwenye barafu ya milima ya Alps, Ulaya, mwaka 1991, aliyekufa zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alivaa koti la vipande vya ngozi za mbuzi na kondoo. Viriba vya maji na mvinyo vilitengenezwa kwa ngozi hiyo hiyo, na kurasa za vitabu zikatengenezwa kwayo.

Kwenye maziwa sina mzaha. Wapo wanaoyanywa mabichi wakidai ndiyo dawa. Yangu hayafiki kikombeni kabla ya kuchemka. Kule kisiwani Malta askari wa Uingereza waliugua homa ya kupanda na kushuka kwa miaka mingi, chanzo hakijulikani. Mbuzi walikuwa wakipitishwa mlango kwa mlango na kukamuliwa papo hapo. Mwaka 1905 daktari Themistocles Zammit akavikuta vijidudu vya homa hiyo kwenye damu ya mbuzi ambao kwa macho walikuwa wazima kabisa. Mwaka uliofuata askari wakakatazwa maziwa hayo, na wagonjwa wakapungua sana.

Kuhusu malisho, usimfanye mbuzi kuwa ng'ombe mdogo. Yeye ni wa vichaka. Mimi hufunga matawi na kuyaning'iniza usawa wa kichwa chake, na siwatoi nje mpaka umande ukauke, kwa sababu mabuu ya minyoo hupanda kwenye nyasi fupi zenye unyevu. Majani yakianguka yakakanyagwa, hayagusi tena. Ana maringo huyo!